Barabara ikifika, nani anashuka pamoja na mizigo?



Katika mikutano ya koperative, ombi la kwanza ni lile lile: barabara. Muhogo umekauka, mpunga umekobolewa, mawese yamejaa ndani ya bidoni, lakini kamio haifiki. Mzigo unabebwa kichwani au kwa pikipiki, ama unangoja boti mpaka ziwa litulie. Na anayengoja sana ndiye anauza kwa bei ya chini. Kwa hiyo tuseme wazi tangu mwanzo: sisi tunataka barabara sawa na ninyi. Hatuandiki haya ili mtu aogope barabara.

Lakini barabara haileti mnunuzi peke yake. Kamio inayoshusha magunia inaweza kushusha pia abiria asiyelipa tiketi. Huyo ni panya mweusi, yule wa kwenye dari, ambaye wataalamu wanamwita Rattus rattus. Katika toleo hili tunaeleza barabara inamsaidia namna gani, kwa nini watu wa Ubwari, wenye maji pande tatu na milima nyuma yao, wanapaswa kumwangalia mapema, na kazi gani koperative inaweza kufanya kabla hasara haijaanza.

Msafiri wa magunia

Panya mweusi si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni upande wa Bara Hindi. Alivuka bahari ndani ya vyombo vya wafanyabiashara zamani sana: huko Unguja Ukuu, katika kisiwa cha Unguja, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa yake katika udongo wa karne ya 7 na ya 8. Baadaye akaingia bara, na kila mara alifuata mizigo. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli ya kutoka Kabalo ilifika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwaka 1915. Toka hapo ziwa lenyewe likawa barabara: meli na boti zikabeba chumvi, vitambaa, unga na mchele toka ng'ambo moja mpaka nyingine.

Watu wanaita njia za kupita kwa siri «njia za panya». Huyu panya mweusi hahitaji siri. Yeye anapita njia kuu, ile ile ya magunia.

Jambo hili tulielewe vizuri, juu watu wengi wanafikiri panya anatembea kandokando ya barabara mpaka anafika kijijini. Kwa miguu yake haendi mbali. Usiku anazunguka karibu na kiota chake, anakula, anarudi. Angetembea mwenyewe toka Uvira mpaka Baraka, vizazi vingi vingepita. Lakini ndani ya kamio iliyojaa magunia safari hiyo ni ya siku moja, na ndani ya boti ni ya usiku mmoja. Na haihitaji panya ishirini. Jike mmoja mwenye mimba anatosha. Anabeba mimba kwa wiki tatu hivi, anazaa watoto watano mpaka wanane, na watoto hao wakifikisha miezi mitatu au minne nao wanaanza kuzaa.

Nchi ya Senegal imeona jambo hili. Huko panya mweusi alikaa miaka mingi karibu na pwani na miji ya bandari. Njia za usafirishaji zilipoendelea kuingia ndani ya nchi, naye akaingia, mji kwa mji, akishika nyumba ambamo panya wa kienyeji walikuwa wanaishi.

Kisiwa ambacho si kisiwa

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipita katika ziwa letu kwa mitumbwi. Burton aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Ninyi munajua ardhi yenu: upande wa kusini Ubwari imeshikamana na bara, na ile ghuba inayotenganisha rasi na Baraka ndiyo ramani zinaiita mpaka leo Ghuba ya Burton. Mtu yule alikosea.

Lakini ukiangalia kwa macho ya panya, Burton hakukosea sana. Kwa mnyama mdogo, kisiwa ni mahali popote palipozungukwa na kitu kigumu kuvuka. Ubwari iko na maji pande tatu. Na misitu ya milimani kwetu ni visiwa pia, visivyo na maji: Itombwe, iliyotangazwa hifadhi mwaka 2006, na ile misitu ya Ngandja na Kabobo upande wa kusini. Msitu unakaa juu ambako ni baridi, chini yake ni nyasi, mashamba na vijiji. Mnyama wa msitu hashuki kuvuka nyasi, na mnyama wa kijijini hapandi bila sababu.

Ndani ya visiwa hivyo kuna viumbe ambavyo havipatikani pengine. Mwaka 2007 watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society waliingia msitu wa Misotshi-Kabogo, kati ya Fizi na Kalemie. Wanasayansi hawakuwa wamefika humo tangu 1960. Walirudi na habari ya wanyama sita ambao sayansi haikuwajua: popo mmoja, panya mmoja wa msitu, virukanjia wawili, wale wenye pua ndefu, na vyura wawili. Hii ni mali iliyo mlangoni pa wakulima wa Fizi.

Panya mweusi akiingia katika kisiwa cha kweli, matokeo yanajulikana. Mwezi wa 6 mwaka 1918 meli Makambo ilikwama kwenye kisiwa cha Lord Howe, katika bahari ya mashariki ya Australia. Panya wakashuka. Katika miaka michache tu aina tano za ndege wa kisiwa hicho zilikwisha kabisa, juu panya anapanda mti, anakula mayai na makinda. Watu wa huko walibaki na panya hao miaka mia moja, mpaka 2019 walipofanya kampeni kubwa ya kuwamaliza. Madagaska nako panya mweusi hakubaki nyumbani: ameingia mpaka ndani ya misitu ya mvua, pamoja na panya wa asili wa kisiwa kile.

Kwetu huku bara habari iko tofauti kidogo, na hapo ndipo tumaini letu liko. Msitu wa Kongo uliofungamana una panya wake wengi wa asili, kila mmoja na chakula chake na kiota chake. Una pia nyoka, bundi, kanu na nguchiro. Mgeni akifika humo anakuta nyumba imejaa. Ndiyo sababu katika Afrika ya bara panya mweusi anaonekana zaidi katika nyumba, depo, mashamba na vichaka vilivyolala, kuliko ndani kabisa ya msitu mzima. Msitu mzima ni mlango uliofungwa. Swali ni nani anaufungua.

Barabara inamfanyia panya kazi tatu

*Kazi ya kwanza: inambeba.* Hiyo tumeieleza. Magunia ya nafaka, mikungu ya ndizi, majani makavu ya kufungia mizigo, fenicha za watu wanaohama, yote ni kiti cha panya. Boti ya mbao yenye mizigo iliyolala humo siku nyingi ni nyumba kabisa.

*Kazi ya pili: inamlisha.* Tuangalie vijiji vyetu vimekaa namna gani. Wakati wa Wabelgiji serikali ilisukuma watu wengi katika Kongo wahame milimani na porini, wajenge kwa mstari kandokando ya barabara. Mpaka leo ndivyo tunajenga: nyumba, duka, mashini ya kusaga, soko, depo, vibanda vya chakula, vyote vimefuatana kwenye mstari mmoja. Kwa mwanadamu ni rahisi kufanya biashara. Kwa panya ni meza ndefu isiyokatika. Pumba zimemwagika mbele ya mashini, ngazi zimebaki mahali pa kukamua mawese, muhogo umeanikwa chini usiku kucha, ndagala zimesahauliwa kwenye turubai. Akishiba hapa, mtoto wake anahamia nyumba ya pili, mjukuu nyumba ya tatu.

*Kazi ya tatu: inamfungulia msitu.* Barabara ikikata msitu, jua linaingia. Kando yake zinaota nyasi ndefu na vichaka. Miti iliyokatwa inaachwa imerundikana, na mawe pia. Kisha anafika mchoma makala, anajenga kibanda. Anafika mwingine, analima muhogo. Wa tatu anapanda mahindi. Kila kibanda na kila shamba dogo ni ngazi moja ya kupanda mlimani. Panya hakuruka kutoka soko mpaka katikati ya msitu. Sisi ndio tulimjengea ngazi, na tukaweka chakula kwenye kila kidato.

Ukiunganisha kazi hizo tatu, utaona jambo moja muhimu: panya hafuati udongo wa barabara. Anafuata gunia, makombo na kichaka. Na hivyo vitatu viko mikononi mwetu. Hatuwezi kusimamisha kamio, wala hatutaki. Lakini kugeuza gunia, kufagia makombo na kufyeka kichaka tunaweza.

Mujue munayemtega

Si kila panya ni yule yule, na dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Mukimkamata, mumtazame kabla ya kumzika. Musimguse kwa mkono mtupu.

*Panya mweusi* ni mwembamba, pua imechongoka, masikio makubwa. Mkia wake ni mrefu kuliko kichwa na mwili pamoja. Rangi inaweza kuwa nyeusi au ya kahawia, kwa hiyo jina lisiwadanganye. Anapanda vizuri sana: darini, kwenye kamba, kwenye mti wa ngazi mpaka juu kabisa, na huko juu anaweza kutaga kiota.

*Panya shamba*, Mastomys natalensis, ni wa kwetu. Ni mdogo zaidi, anachimba shimo shambani, anafukua mbegu ya mahindi iliyopandwa jana. Mvua ikiwa nzuri anazaa kupita kiasi. Alama yake: jike ana chuchu nyingi sana, zinaweza kufika 24, wakati panya mweusi ana 10 au 12.

*Panya wa kahawia*, Rattus norvegicus, ni mgeni mwingine wa miji na bandari. Ni mnene, masikio madogo, mkia mfupi kuliko mwili. Anapenda mifereji na maji machafu.

*Simbiliki na panya buku* ni wa kwetu pia. Musiwaweke kwenye hesabu ya wageni. Tena panya buku ameheshimiwa duniani: huko Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO linawafundisha kunusa mabomu yaliyofukiwa. Mmoja wao, Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu huko Uingereza mwaka 2020.

Hesabu ya depo

Panya mweusi mzima anakula kama gramu 15 za nafaka kwa siku. Mtu anaweza kucheka, gramu 15 ni kiganja kisichojaa. Tufanye hesabu pamoja. Panya 20 katika depo moja ni gramu 300 kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 9. Depo ikikaa na mahindi miezi sita kungoja bei, ni kilo 54, yaani zaidi ya nusu ya gunia la kilo 100.

Na hicho ndicho alichokula tu. Hatujahesabu alichomwaga akitoboa gunia, alichokojolea, na magunia yenyewe yaliyoharibika. Mnunuzi akikuta mavi na nywele za panya ndani ya mchele, habishani juu ya gunia lile moja, anateremsha bei ya mzigo mzima. Kibaya kuliko vyote ni mbegu. Panya anapenda kula kiini cha punje ya mahindi. Punje inabaki, ukiiangalia haraka unaona ni nzima, lakini ukiipanda haioti.

Kazi tano kabla ya kamio ya kwanza

Koperative inayongoja barabara iko na bahati moja: iko na wakati. Kumfukuza panya aliyeshika mji ni kazi ya miaka. Kumzuia asishike ni kazi ya komite yenye mpango.

*1. Muchague mahali pa kushushia.* Kamio au boti isishushe mlangoni mwa depo. Mutafute uwanja ulio wazi, uliofagiwa, usio na kichaka, hatua kama 30 toka depo. Mushushe mchana. Kila gunia lipigwe, ligeuzwe, liangaliwe kama lina tundu, ndipo libebwe ndani. Vijana wawili wenye fimbo wasimame kando. Boti ikiisha kushusha isilale imefungwa karibu na depo, juu panya anatembea juu ya kamba. Sheria hii ni ya wote: hata kamio inayoleta mbegu toka kwetu ipite hapo hapo.

*2. Muzibe depo toka juu.* Wengi wanaziba mashimo ya chini na kusahau paa. Panya mweusi anaingia kwa juu, pale ukuta unapokutana na manjanja. Muzibe pale kwa simenti au wavu wa chuma. Tundu ambamo kidole gumba kinapita, panya anapita. Chini ya mlango mupigilie kipande cha manjanja, nafasi inayobaki isizidi unene wa kalamu. Matawi ya mti yaliyo karibu na paa yakatwe, yabaki mbali kama mita 2. Ndani, magunia yakae juu ya mbao, si juu ya sakafu, na muache nafasi ya mtu kupita kati ya magunia na ukuta. Mahali ambapo mtu hawezi kupita na taa, hapo ndipo panya anazalia.

*3. Muinue ghala za nyumbani.* Ghala ya miti iwe na miguu yenye urefu wa mita 1. Kila mguu uvalishwe koni ya bati, mdomo ukiangalia chini, kama mwavuli. Manjanja ya zamani au bati la pipa lililochakaa linatosha. Ghala isiguse ukuta, isiegemee mti, na ngazi ya kupandia iondolewe kila mara. Mtu akisahau ngazi usiku mmoja, koni zote nne ni kazi bure.

*4. Mufyeke na kufagia mstari wa barabara.* Salongo iwe na siku yake. Kila kaya na kila duka lijue sehemu yake: nyasi fupi, mfereji wazi, hakuna rundo la matofali au miti karibu na nyumba. Mwenye mashini ya kusaga afagie pumba jioni, si kesho asubuhi, juu panya anakula usiku. Takataka za soko zizikwe au ziingie kwenye shimo la mboji lililofunikwa.

*5. Muache msitu ukiwa umefungamana.* Pale barabara inapopita karibu na msitu, koperative ikubaliane na chefu wa kijiji: hakuna depo, hakuna soko, hakuna shamba jipya la mtu mmoja mmoja ndani yake. Ni afadhali kulima shamba moja kubwa lililo pamoja nje ya msitu kuliko mashamba kumi madogo yaliyotawanyika ndani, kwani kila shamba dogo ni kituo cha kupumzikia panya. Na tunaomba jambo lingine ambalo tunajua ni gumu: musiue bundi. Tunajua ana jina baya, watu wanamwogopa. Lakini usiku mnapolala, yeye ndiye yuko kazini kuwinda panya, na hadai franga.

Kutega ni kazi ya kijiji

Wahenga wamesema panya wengi hawachimbi shimo. Sisi tunaongeza: wakulima wengi wasio na mpango nao hawazibi. Nyumba moja ikitega peke yake, panya wa nyumba ya jirani wanahamia pale palipobaki nafasi. Ni kama kukumba maji ndani ya mtumbwi wenye tundu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huko Morogoro, kina kituo kizima kinachochunguza panya, na mashauri ya wataalamu wa kazi hii ni haya: kijiji kitege pamoja, siku zile zile, kabla wingi wa panya haujapanda.

Namna ya kufanya ni hii. Jioni munyunyize majivu laini sakafuni mwa depo na juu ya boriti. Asubuhi nyayo zitaonyesha njia zake. Pale ndipo mitego inakaa, mdomo ukigusa ukuta. Chambo kizuri ni karanga zilizopondwa, kipande cha ndagala au nyama ya ngazi. Lakini panya mweusi anaogopa kitu kipya. Kwa usiku tatu mpaka nne muweke chambo bila kufyatusha mtego, ale, azoee. Usiku wa tano mitego yote ya kijiji ifyatuke pamoja. Mtego ule ule ambao ungekamata mmoja utakamata wengi.

Mtu mmoja wa komite aandike kila asubuhi: wangapi, wa aina gani, wapi. Daftari hiyo ina thamani kuliko mtego. Ikionyesha panya weusi wengi mahali pa kushushia na hakuna hata mmoja huko mwisho wa mashamba, mumemwahi bado yuko mlangoni.

Sumu: tafadhali, polepole

Sokoni kuna sumu za panya zinazouzwa ndani ya sashe, nyingine bila jina na bila maelezo. Musinunue kitu kisicho na maandishi. Musitumie dawa ya kunyunyizia mashamba mkiifanya sumu ya panya. Sumu nyingine zinaua baada ya siku kadhaa, na ndani ya siku hizo panya anatembea, analiwa na paka, mbwa, bundi, hata mtu. Punje zilizotiwa sumu zinafanana na chakula, na mtoto hajui tofauti.

Kama depo inalazimika kuitumia, iwe kwa shauri la agronomu, ndani ya kisanduku kilichofungwa chenye tundu dogo tu, mtu mmoja ashike ufunguo, na kila kilichobaki kirudi kuhesabiwa. Mtu akimeza, apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na sashe yenyewe, ili munganga ajue ni sumu gani.

Afya

Mkojo wa panya unaweza kubeba ugonjwa wa leptospira, unaopitia maji na ngozi yenye kidonda. Mufunike maji ya kunywa na vyombo vya chakula, na wanaofagia depo wavae viatu. Tauni bado inapatikana katika nchi yetu, huko Ituri, na huko panya wanahusika pamoja na viroboto wao. Hatuna sababu ya kupiga kelele hapa kwetu, lakini sheria moja ijulikane na watoto pia: mukiona panya wengi wamekufa ndani ya nyumba bila mtego wala sumu, musiwaguse. Panya akifa, viroboto wanamwacha wanatafuta damu nyingine. Mumwite munganga. Mtu akipata homa kali na uvimbe kwenye kinena au kwapani, asingoje kesho.

Panya waliokufa kwa mtego washikwe kwa sashe au fimbo, wazikwe kwa shimo lenye kina cha mkono mzima, kisha mikono ioshwe kwa sabuni.

Maswali matatu kwa mkutano wenu ujao

Tunaomba kila koperative ijibu maswali haya pamoja, wanaume kwa wanawake, na mwandishi wa komite aandike majibu ili animatere wetu ayachukue akipita:

Kamio au boti ya kwanza ikifika, itashusha wapi, na nani atasimama pale?

Depo yetu iko na matundu mangapi hapo juu, na manjanja ya kuyaziba yatatoka wapi?

Kati ya barabara na msitu, mstari wetu wa mwisho wa kulima ni upi, na chefu ameukubali mbele ya watu?

Barabara itafika na faida yake. Muhogo utatoka, mafuta yatatoka, mgonjwa atafika hospitali mapema. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunasema, na mgeni wa kweli tutampokea. Huyu mwingine aliyejificha ndani ya gunia tumkutie kule uwanjani, mchana, fimbo ziko tayari.